Upotevu wa Nishati na Mawimbi ya Sauti ya Kitopolojia: Suala la Istilahi kwa Mifano ya Ukanda wa Dhahabu wa Shinyanga na Geita

1.0 Utangulizi

Katika machimbo madogo ya Nyarugusu na Rwamgasa mkoani Geita, kama ilivyo katika machimbo ya Kahama mkoani Shinyanga, sauti inayotawala mchana kutwa ni ya karasha. Karasha ni pipa la chuma linalozungushwa kwa injini. Ndani yake huwamo gololi za chuma ambazo hugongana na kusaga mawe ya dhahabu hadi yawe unga. Unga huo huoshwa kwenye mwalo, zebaki hukamata sehemu ya dhahabu, na masalia, ambayo wachimbaji huyaita marudio, hurundikwa kando. Mgeni angedhani kwamba dhahabu iliyobaki katika marudio imepotea. Wenyeji wanajua kwamba haikupotea: mwenye mtaji huyanunua marudio hayo, huyachenjua kwa sianidi, na kupata dhahabu ambayo zebaki ilishindwa kuikamata. Kwa hiyo katika uchumi wa ukanda huu upotevu si kutoweka. Ni kuhama: kilichomtoka mmoja kimemfikia mwingine, na anayejua kilikokwenda ndiye anayefaidi.

Makala haya yanatumia wazo hilo kueleza tawi changa la fizikia, yaani mawimbi ya sauti ya kitopolojia katika maada zilizobuniwa ambamo nishati hupotea. Hoja yake kuu ni kwamba istilahi upotevu, kama inavyotumika kwa mazoea katika Kiswahili cha sayansi, inaficha jambo ambalo tawi hilo limelidhihirisha: kwamba mahali nishati inapokwenda ni muhimu kuliko kiasi kinachokwenda. Suala hilo si la kamusi peke yake. Katika machimbo, mojawapo ya mahali ambapo nishati ya sauti huishia ni sikio la mtu.

2.0 Neno upotevu katika Kiswahili cha fizikia

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Miaka miwili baadaye Tumbo-Masabo na Mwansoko walitoa mwongozo wao wa uundaji wa istilahi za Kiswahili. Kazi hizo ziliweka msingi imara, lakini fizikia inayojadiliwa hapa ilizaliwa baadaye. Hivyo mwalimu anayetaka kuieleza leo hana budi kuchagua maneno yake mwenyewe, na chaguo la haraka kwa dhana ya nishati kupungua katika wimbi ni upotevu.

Neno hilo lina kasoro mbili. Kwanza, linagongana na kanuni ya hifadhi ya nishati ambayo mwanafunzi hufundishwa mapema: nishati haiumbwi wala haiangamizwi, bali hugeuka kutoka umbo moja kuwa jingine. Mwanafunzi anayeambiwa leo kwamba nishati haipotei na kesho kwamba imepotea ana haki ya kuuliza. Pili, kitenzi potea hubeba maana ya ajali au kosa. Mtoto hupotea, njia hupotea, fedha hupotea. Hakuna anayepanga upotevu. Ilhali katika maada zitakazoelezwa hapa chini, upotevu hupangwa kwa makusudi, chumba kwa chumba.

Methali inayosema kwamba debe tupu haliachi kuvuma ina fizikia sahihi ndani yake. Debe tupu likigongwa, kuta zake hutetema na hewa iliyomo huitikia mtetemo huo kwa muda. Debe lililojaa mchanga hutoa mshindo mfupi tu na kunyamaza. Nishati ya kipigo haikutoweka: chembe za mchanga zilisuguana, na mtetemo ukageuka kuwa joto dogo mno lisilohisika kwa mkono. Tofauti kati ya madebe hayo mawili ni njia ambayo nishati imeifuata.

3.0 Dhana ya topolojia

Topolojia ni tawi la hisabati linalochunguza sifa za maumbo ambazo hazibadiliki umbo linapopindwa, linapovutwa au linapominywa, mradi halikatwi wala haliunganishwi upya. Mfano wake unaweza kuonekana katika zizi lolote la Usukumani. Ng'ombe amefungwa kamba kwenye nguzo, naye akaizunguka nguzo hiyo mara mbili. Kamba inaweza kulegea au kukaza, ng'ombe anaweza kusogea mbele au nyuma kidogo, lakini idadi ya mizunguko itabaki mbili hadi pale atakapozunguka kinyume au kamba itakapokatwa. Idadi hiyo ni namba kamili. Haiwezi kuwa mbili na robo kwa sababu ya upepo au kwa sababu ya fundo lililokaa vibaya. Katika hisabati huweza kuitwa namba ya mizunguko.

Wanafizikia waligundua kwamba tabia za baadhi ya maada hutawaliwa na namba za aina hiyo. Mwaka 1980 Klaus von Klitzing alipima ukinzani wa umeme katika tabaka jembamba sana lililowekwa ndani ya uga mkali wa sumaku, akakuta kwamba haubadiliki kwa mfululizo bali kwa ngazi zilizo sahihi kupita kiasi. Chanzo cha usahihi huo kilielezwa baadaye kwa topolojia. Nishani ya Nobel ya fizikia ya mwaka 2016 ilitolewa kwa David Thouless, Duncan Haldane na Michael Kosterlitz kwa nadharia zao kuhusu hali za kitopolojia za maada. Funzo lililovutia wahandisi ni hili: mahali ambapo maada zenye namba tofauti zinapokutana, aghalabu hujitokeza mawimbi yanayokaa kwenye mpaka huo tu, nayo hayavurugwi kirahisi na dosari ndogo ndogo.

Swali likawa ikiwa sauti nayo inaweza kutiishwa chini ya kanuni hizo. Mwaka 2014 timu ya Andrea Alù nchini Marekani ilionyesha kifaa cha umbo la pete ambamo feni zilizungusha hewa, na sauti ikapita upande mmoja bila kurudi. Mwaka 2015 watafiti wa Singapore walipendekeza muundo mpana wa pete za namna hiyo, na mwaka 2016 watafiti wa Nanjing nchini China walionyesha sauti ya kitopolojia ikisafiri kati ya nondo za chuma zilizosimamishwa hewani, bila kuhitaji feni.

4.0 Mnyororo wa vyumba vya hewa

Muundo sahili kuliko yote unatokana na nadharia ya Su, Schrieffer na Heeger ya mwaka 1979, iliyohusu elektroni katika mnyororo wa kemikali iitwayo poliasetileni. Katika sauti, muundo huo hujengwa kwa vyumba vidogo vya hewa vinavyofanana, vilivyopangwa mstari mmoja na kuunganishwa kwa mirija. Kila chumba ni mfano wa kibuyu: kikipulizwa mdomoni hulia kwa sauti yake maalumu. Mirija hupishana: mmoja mpana, unaofuata mwembamba, kisha mpana tena. Mrija mpana huunganisha vyumba viwili kwa nguvu. Mwembamba huviunganisha kwa udhaifu.

Katika mpangilio huo, vyumba huwa kama wachezaji wa ngoma walioshikana mikono wawili wawili. Kila jozi inacheza pamoja, na jozi moja huigusa nyingine kwa mbali. Kwa sababu hiyo hutokea pengo, yaani upeo wa mitetemo isiyoweza kusafiri katika mnyororo. Ikiwa chumba cha mwisho kimeunganishwa na jirani yake kwa mrija mwembamba, basi kimebaki bila mwenzi. Sauti yenye mitetemo iliyo katikati ya pengo hukaa katika chumba hicho, na hufifia upesi kadiri mtu anavyoingia ndani ya mnyororo. Hilo ndilo wimbi la ukingoni.

Wimbi hilo halitokani na ustadi wa fundi aliyekitengeneza chumba cha mwisho. Linatokana na namba ya mizunguko ya mnyororo mzima. Mirija ikiwa na makosa madogo ya upana, wimbi litabaki, mradi ile mipana haijawa myembamba kuliko myembamba yenyewe. Kinga hiyo ina sharti lake: vyumba vyenyewe lazima viendelee kufanana, la sivyo sauti ya ukingoni husogea kutoka katikati ya pengo.

5.0 Upotevu kama nyenzo

Maelezo yaliyotangulia yamechukulia kwamba nishati haitoki katika mnyororo. Kwa kweli hutoka daima. Hewa husuguana na kuta za mirija kwa sababu ya mnato wake, na joto huvuja kwenye kuta hizo. Mtetemo halisi huhitaji namba mbili ili uelezwe kikamilifu: ya kwanza huonyesha idadi ya mitetemo kwa sekunde, ya pili huonyesha kasi ya kufifia. Kipande cha reli kinachogongwa kuwaita wanafunzi darasani kina namba ya pili ndogo, hivyo hulia kwa muda mrefu. Kikishikwa kwa mkono, namba hiyo hukua na mlio hukatika. Wanahisabati huziunganisha namba hizo mbili kuwa namba changamano moja, ambayo huchorwa kama nukta katika bapa. Hapo ndipo mfano wa kamba na nguzo unaporejea kwa sura mpya. Katika mfumo usiopoteza nishati, nukta zote hukaa kwenye mstari mmoja, na mstari hauwezi kuzunguka nguzo. Upotevu unapoingia, nukta hupata uwanja wa kuzungukia.

Kwa muda mrefu upotevu ulihesabiwa kuwa adui aliyeharibu majaribio. Mwaka 2018 Takata na Notomi walionyesha kwa nadharia ya mwanga kwamba hali ya kitopolojia inaweza kuzalishwa kwa kupanga ongezeko na upotevu wa nishati tu, viungo vyote vikiwa sawa. Mwaka 2020 jambo hilo lilionekana katika sauti.

Mantiki yake inaweza kufuatwa bila hesabu. Tuseme mirija yote ni sawa, na vyumba vimepangwa kwa makundi ya vinne: cha kwanza kikavu, cha pili na cha tatu vimewekwa kifyonza sauti, cha nne kikavu. Vyumba viwili vinavyofanana kwa upotevu hutetema pamoja bila shida. Vyumba viwili vinavyotofautiana sana hushindwa kuelewana, kwani mmoja hunyamaza kabla mwenzake hajamaliza kuitika. Kiungo kati yao hudhoofika ingawa mrija haujaguswa. Basi upotevu peke yake umefanya kazi iliyofanywa na mirija mipana na myembamba: umegawa vyumba katika jozi. Chumba kikavu cha mwanzo wa mnyororo kikaachwa bila mwenzi, na wimbi la ukingoni likazaliwa humo.

Hapa kuna jambo linalopingana na mazoea. Kifyonzaji kikiongezwa katika chumba kimoja, mwanzoni nishati nyingi zaidi humezwa. Kikizidi kipimo, nishati inayomezwa hupungua, kwa sababu chumba kilichozibwa mno hakiwezi tena kuitikia sauti ya jirani. Huirudisha ilikotoka kana kwamba ni ukuta. Ufyonzaji mkubwa kabisa hupatikana pale ambapo kasi ya nishati kumezwa ndani ya chumba inalingana na kasi ya nishati kuingia na kutoka mlangoni. Upotevu mwingi si lazima uwe upotevu bora.

Mwaka 2021 watafiti walionyesha pia, kwa sauti, hali ambamo mitetemo yote ya mnyororo, si ule wa ukingoni peke yake, hurundikana upande mmoja. Sharti lake ni viungo vinavyopitisha sauti upande mmoja kwa wepesi kuliko upande wa pili. Namba ya mizunguko inayohusika huko ni ile ya nukta katika bapa la namba changamano.

6.0 Kutoka maabara hadi kwenye karasha

Hapana budi kukiri umbali uliopo kati ya minyororo hiyo na mwalo wa Rwamgasa. Mnyororo wa vyumba hushughulikia upeo mfinyu wa mitetemo, ilhali gololi za chuma zikigongana hutoa mchanganyiko mpana wa sauti nzito na nyembamba. Kwa karasha ya leo, hatua za kwanza ni zile za zamani. Mbali na kuta, kila umbali kutoka kwenye chanzo kidogo unaporudufiwa, kiwango cha sauti hupungua kwa takriban desibeli 6. Ukuta ukiongezwa uzito mara mbili, sauti inayopenya hupungua kwa karibu kiasi hicho hicho. Kuhamisha karasha, kuizungushia ukuta wa tofali na kuziba masikio ni hatua zinazowezekana kwa mtaji mdogo.

Hata hivyo kuna sehemu ambayo njia za zamani huishiwa nguvu, nayo ni sauti nzito. Hewani, sauti husafiri takriban meta 343 kwa sekunde katika nyuzijoto 20 za Selsiasi. Sauti ya mitetemo 100 kwa sekunde ina urefu wa wimbi wa meta 3.43. Kifyonzaji cha kawaida chenye vinyweleo, kama vile sufi au sifongo iliyobandikwa ukutani, hufanya kazi vizuri kikiwa na unene unaokaribia robo ya wimbi, yaani sentimeta 86 hivi. Hakuna mwenye karasha atakayejenga ukuta wa sufi wa unene huo. Maada buniwa zilianza kujibu tatizo hilo mwaka 2000, pale kundi la watafiti wa Hong Kong lilipotumia mipira ya risasi iliyovikwa raba laini kuzuia sauti nzito kwa tabaka jembamba. Vyumba vya mfano wa kibuyu vinafuata kanuni hiyo hiyo: hewa ya shingoni ni uzito, hewa ya tumboni ni springi, na kibuyu kidogo kinaweza kuitikia wimbi lililo refu kukizidi mara nyingi.

Mchango wa topolojia uko katika kuchagua mahali. Sauti inayokusanywa katika chumba kimoja kinachojulikana inaweza kumezwa humo kwa kifyonzaji kidogo kilichopimwa vema. Na kwa kuwa wimbi la ukingoni huvumilia makosa madogo ya viungo, muundo wake hauhitaji mirija yenye usahihi wa saa ya mkononi.

7.0 Sikio kama kikomo cha nishati

Sauti ambayo haikumezwa na ukuta huendelea mbele. Katika sikio la ndani kuna seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000, ambazo hugeuza mtetemo kuwa ishara za neva. Kelele ya muda mrefu huziua, nazo kwa binadamu hazioti tena. Kigezo kilichothibitishwa mwaka 1998 na taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, NIOSH, ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda hupunguzwa nusu: saa 4 kwa desibeli 88, saa 1 kwa desibeli 94, dakika 15 kwa desibeli 100. Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi. Lakini katika karasha ya wachimbaji wadogo, mwajiri na mwajiriwa aghalabu husimama bega kwa bega mbele ya pipa lile lile.

Madhara hayo yana sura ya kiisimu inayostahili kuzingatiwa na wanaisimu wa Kiswahili. Uziwi wa kelele huanza kwa kawaida katika mitetemo ya kati ya 3,000 na 6,000 kwa sekunde. Irabu, ambazo nishati yake kubwa iko chini ya hapo, hubaki zikisikika. Vikwamizo visivyo ghuna, yaani /f/, /s/, /sh/ na /th/, hutegemea sana mitetemo ya juu. Kwa hiyo mchimbaji aliyeumia husikia kwamba anaitwa, husikia mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, husikia irabu zote, lakini fika na shika, au faa na saa, humfikia kama neno moja. Kiswahili, kwa silabi zake wazi, humpa hisia kwamba amesikia. Ndani ya duara refu, ambamo mmoja ameshika kamba na mwingine yuko chini, kudhani kwamba umesikia ni hatari kuliko kujua kwamba hukusikia.

8.0 Mapendekezo ya istilahi

Kutokana na mjadala huu, dhana tatu ambazo neno upotevu limezibeba kwa pamoja zinafaa kutenganishwa. Kwanza, mfifio utumike kwa kupungua kwa wimbi lenyewe kadiri muda au umbali unavyoongezeka. Kiswahili tayari husema kwamba sauti hufifia. Hakuna haja ya kukopa. Pili, ufyonzaji utumike kwa tendo la maada kuipokea nishati ya wimbi na kuigeuza kuwa joto. Tatu, upotevu ubakizwe kwa maana ya kihesabu, yaani nishati iliyotoka nje ya mfumo unaochunguzwa, na kila mara utajwe pamoja na mahali ilipokwenda: upotevu kwenda ukutani, upotevu kwenda hewani, upotevu kwenda sikioni.

Kwa dhana nyingine, wimbi la ukingoni na namba ya mizunguko hujieleza zenyewe. Maada buniwa inafaa kwa maada ambazo tabia yake hutokana na umbo lililopangwa kuliko kemikali zake. Topolojia ibaki kama ilivyotoholewa, kwa kuwa ni jina la taaluma. Iwapo patahitajika neno ambalo Kiswahili hakina, utaratibu unaojulikana wa kuanzia lugha za Kibantu unapaswa kuheshimiwa. Kisukuma na Kinyamwezi, ambako ikulu lilikuwa neno la makao ya mtemi kabla ya kuwa la makao ya rais, si hazina ngeni kwa Kiswahili.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza jinsi sauti inavyoweza kutawaliwa na namba kamili, na jinsi kile kilichodhaniwa kuwa hasara kinavyoweza kujenga utaratibu badala ya kuuvunja. Imeonekana kwamba katika mnyororo wa vyumba vinavyounganishwa kwa mirija iliyo sawa, kinachoamua kuwapo kwa wimbi la ukingoni ni mpangilio wa vyumba vinavyofyonza, na kwamba kifyonzaji kilichozidi kipimo hurudisha sauti badala ya kuimeza.

Kazi ya istilahi katika suala kama hili ni kumwezesha mtu kuuliza swali sahihi. Mwenye mwalo hulijua swali hilo linapohusu dhahabu: kilichobaki kimekwenda wapi, na nani atakipata? Mwanafunzi wa Geita au Shinyanga akifundishwa kuuliza vivyo hivyo kuhusu kelele ya karasha, atagundua kwamba jibu la sasa, mara nyingi, ni sikio la baba yake. Marudio ya dhahabu huweza kuchenjuliwa upya. Seli za sikio hazichenjuliwi.